Kitumbua Kikaingia Mchanga: Tangu Lini Mwisho wa Hadithi Ukawa Siri?

Wengi wenu mlikuwepo ule usiku wa filamu wa muhula uliopita, kwa hiyo mnajua kwa nini makala hii imeandikwa. Kwa wasiokuwepo, ilikuwa hivi. Klabu ilionyesha Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inayomhusu Jo, mtoto wa kike wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa wanaoruka angani. Jo ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauponi. Filamu ilikuwa haijafika mbali, watu bado wanapitishiana mandazi, mwenzetu mmoja akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Anakufa. Mwisho anakufa."

Pakawa kimya, kisha pakawa ugomvi. Mwenzetu mwingine, ambaye ndiye aliyeitafuta filamu ile na kuomba chumba, alichukua koti lake akatoka. Usiku ule ule akatuandikia kwenye kundi la simu kwamba kitumbua chake kimeingia mchanga na kwamba hatarudi tena. Wiki mbili hatukumwona. Kuna waliomtetea na kuna waliocheka: filamu ya mtoto mgonjwa, ulitazamia nini? Kamati ilipoona maneno hayaishi, ikatupa kazi sisi watatu. Hatukuambiwa tuamue nani mkosaji. Tuliambiwa tuchunguze jambo moja tu: kumwambia mtu mwisho wa hadithi kumekuwa kosa tangu lini?

Tulidhani tutajibu kwa aya mbili. Tulidhani ni kosa tangu dunia iumbwe.

Tahadhari kwanza, maana mambo haya yana adabu yake. Humu ndani tutataja mwisho wa Supa Modo (umeshatajwa), wa Mother India, wa kisa cha Fumo Liyongo, na jambo moja kubwa la katikati ya Psycho. Hatutataja muuaji wa The Mousetrap wala wa Mzimu wa Watu wa Kale. Asiyetaka kujua aruke kurasa.

Tuseme pia kwamba Kiswahili chetu hakina neno moja lililokubalika kwa kitendo hiki. Mwenzetu wa Mombasa husema "kutoboa mwisho". Binamu zake wa Nairobi huchukua neno la Kiingereza na kulivalisha kiambishi. Nyumbani kwa yule wa Unguja husemwa "kumaliza utamu". Katika insha hii tutasema kutoboa. Na huenda lugha inakosa neno kwa sababu watu wake hawakuwa na haja nalo sana, lakini hilo tutalifikia.

Tulianza na hapa Uingereza, kwa kuwa ndipo vitabu vilipo. Mtu wa zamani tuliyemwona akilalamika wazi ni Wilkie Collins, mwandishi wa The Woman in White. Riwaya hiyo ilitoka vipande vipande kuanzia 1859 hadi 1860 katika gazeti la Charles Dickens liitwalo All the Year Round. Msomaji alinunua toleo, akasoma kipande, akangoja wiki nzima. Ilipochapwa kuwa kitabu mwaka 1860, Collins aliandika katika dibaji kuwaomba wahakiki wasiisimulie hadithi yake yote kwenye magazeti yao. Tazameni nani anaomba, na anamwomba nani. Hajali jirani anayemsimulia jirani. Anamhofia mhakiki, kwa sababu mhakiki anaweza kumfanya mteja asinunue. Siri ya mwisho inaingia kwenye historia ikiwa imeshika mfuko wa pesa mkononi, na kila tulipoikuta baadaye, mfuko ule ulikuwepo.

Jambo lililotushangaza kuliko yote ni sinema zenyewe. Kwa miongo mingi, Uingereza na Marekani, watu hawakuingia sinema kwa saa maalumu. Onyesho lilikwenda mfululizo tangu mchana hadi usiku: filamu kubwa, filamu ndogo, habari, katuni, kisha filamu kubwa tena. Ulinunua tiketi ukaingia wakati wowote. Ukikuta shujaa anazikwa, ulikaa, ukaona anazikwa, ukangoja mpaka filamu ianze upya, ukamwona anazaliwa, na ilipofika pale ulipoingilia ukamgusa mwenzako mkatoka. Maana yake mamilioni ya watu waliona mwisho kabla ya mwanzo, kwa pesa zao wenyewe, na hawakumgombeza mtu. Tulimwuliza mhadhiri wetu mmoja mwenye umri mkubwa kama ni kweli. Akacheka, akasema utotoni mwake hakuona ajabu yoyote.

Walikuwepo waliojaribu kulinda siri. The Bat, mchezo wa jukwaani wa Mary Roberts Rinehart na Avery Hopwood wa mwaka 1920, ulifanywa filamu mwaka 1926, na filamu ile ilianza kwa maandishi yanayowaomba watazamaji wasimtaje popo ni nani. Mwaka 1955 Mfaransa Henri-Georges Clouzot alimalizia filamu yake Les Diaboliques kwa ombi kwenye pazia: msiwaambie rafiki zenu mlichokiona. Lakini mtu aliyebadilisha tabia za watu hasa ni Alfred Hitchcock, mtoto wa muuza mboga wa Leytonstone, si mbali na anakokaa mmoja wetu.

Hitchcock alinunua haki za riwaya ya Robert Bloch, Psycho, bila kujitaja jina, kwa dola zipatazo 9,000. Filamu ilipotoka mwaka 1960 hakuwaonyesha wahakiki mapema kama ilivyokuwa desturi. Walilazimika kukaa na umma. Kisha akaweka sharti lililowatia hofu wenye sinema: filamu ikishaanza, mtu haingii. Sanamu za karatasi za Hitchcock mwenyewe ziliwekwa milangoni, akionyesha saa. Wenye sinema walidhani watapoteza wateja. Badala yake foleni zilizunguka mitaa, na kila aliyepita akaiona foleni, na kila aliyeiona akataka kujua kuna nini.

Sharti lile lilikuwa na sababu. Mpenzi wa filamu za vibandani pale Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anajua kanuni moja: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kurushwa mtoni, lakini hafi, na kama amekufa basi hakuwa steringi. Katika Psycho mwigizaji maarufu kuliko wote ni Janet Leigh, naye anauawa bafuni filamu ikiwa hata nusu haijafika. Hitchcock alimuua steringi. Mtu aliyeingia amechelewa nusu saa zaidi angekaa akimngoja Janet Leigh ambaye hatarudi. Kwa hiyo ile adabu tunayoidhani ni ya milele, ya kuingia mwanzoni na kutoka mwishoni na kunyamaza njiani, ilipata nguvu mwaka ambao babu zetu wengine walikuwa vijana.

Mwaka huo huo wa 1960, na hili lilitufurahisha sana, kilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambacho kilikuwa kimeshinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 ya Afrika Mashariki. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi wetu mwenye kiko, ndugu yake Sherlock Holmes kwa mbali. Hadithi za Bwana Msa hufichwa mwisho kwa namna ya Kiingereza kabisa: maiti mwanzoni, jibu mwishoni, na msomaji akivutwa njiani na Najum ambaye haelewi kitu kama sisi. Kwa hiyo tusiseme kwamba siri ya mwisho ni ya Wazungu na sisi hatuna. Ilifika Unguja, ikasomwa, ikapendwa. Mhadhiri aliyetufundisha riwaya hii alituagiza tusome sura ya mwisho darasani tu, pamoja, na tulitii karibu wote.

The Mousetrap tulikwenda kuutazama wenyewe. Ulianza Nottingham Oktoba 1952, ukafika London Novemba mwaka huo huo, na tangu 1974 uko St Martin's Theatre. Haukusimama mpaka Machi 2020, korona ilipofunga majumba yote, na mwaka uliofuata ukaendelea. Agatha Christie aliutoa katika mchezo wa redio wa 1947, akaandika pia hadithi fupi, lakini hadithi ile iliyochapishwa Marekani mwaka 1950 hakutaka ichapishwe Uingereza maadamu mchezo uko jukwaani. Baada ya kupiga makofi, mwigizaji mmoja hutoka mbele na kuwaomba watazamaji wafunge siri vifuani. Mwaka 2010 mjukuu wa Christie alisikitika hadharani kwamba Wikipedia imemtaja muuaji. Wikipedia haikumwondoa. Imagineni: siri ya mwaka 1952, na bado ina wenyewe.

Tulikwenda wanne, kwa sababu mama wa mwenzetu wa Bukavu alikuwa amekuja kutembea na hatukuweza kumwacha nyumbani. Aliangalia kwa makini sana, nasi tukimtafsiria kwa kunong'ona mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka. Mwigizaji akaomba siri. Mama akauliza amesema nini, tukamweleza, akatikisa kichwa kukubali. Tukapanda basi. Kabla hatujafika kituo cha pili alikuwa amempigia simu dada yake Brussels: "Yaya, sikia, ule muuaji ni..." Akataja. Akaeleza na sababu. Tukamwambia, mama, wameomba tusiseme! Akatutazama kwa mshangao wa kweli: "Na nani humu basini anayesikia Kiswahili?" Nyuma kabisa mwanamume mmoja aliyekaa na mfuko wa mchele akaangua kicheko. Alikuwa amesikia yote.

Mama yule si mtu wa kuvunja ahadi. Kwake, kuona jambo zuri na kutomsimulia dada yako ndiko kukosa adabu. Na dada wa Brussels, tulivyoambiwa baadaye, alifurahia, akauliza maswali nusu saa, na sasa anataka kuja London kuuona mchezo.

Jina la Kiingereza la kutoboa lilipata umaarufu Marekani mwaka 1971, jarida la utani la National Lampoon lilipochapisha makala ya Doug Kenney iliyotoboa miisho ya filamu kadhaa kwa makusudi, kwa madai ya kuwaokolea watu muda na pesa. Utani ule unachekesha tu palipo na watu wanaoamini kwamba mwisho ni mali. Miaka tisa baadaye, katika filamu ya pili ya Star Wars, siri ilifichwa hata kwa waigizaji: David Prowse, aliyevaa vazi jeusi la Darth Vader, alipewa maneno ya uongo ayaseme siku ya kupiga picha, na maneno ya kweli yakawekwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones. Mtu alicheza tukio kuu la filamu asijue anasema nini.

(Sauti hiyo hiyo ndiyo ya Mufasa katika The Lion King ya 1994. Tulipokuwa wadogo watoto wenzetu shuleni walijiuliza kama yule nyani mzee ni mtu mwema au mchawi. Sisi hatukujiuliza. Jina lake ni Rafiki. Waliotengeneza filamu walitutobolea wenyewe, na pengine ndiyo mara pekee Kiswahili kilitupa ushindi katika shule ile.)

Sasa turudi upande wa kwetu.

Darasa letu la mwaka wa pili husoma Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mnamo 1913, kutokana na masimulizi ya zamani sana kuliko yeye. Siku ya kwanza hatukuelewa kitu. Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu za Ijumaa. Kiamu cha tenzi ni bahari nyingine. Mwalimu alituona tunavyohangaika, akafunga kitabu, akatusimulia kisa chote kwa dakika kumi: jinsi mfalme wa Pate alivyomwogopa Liyongo, jinsi alivyofungwa, jinsi mamaye alivyompelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, jinsi ngoma na nyimbo zilivyofunika sauti ya chuma kikikatwa, na jinsi mwanawe mwenyewe alivyotumwa amwue kwa sindano ya shaba kitovuni. Kisha akafungua kitabu, akasoma tena. Tukaelewa. Hatukulielewa kila neno, lakini sasa tulikuwa na mahali pa kushika.

Na hapo tukaona jambo. Katika utenzi ule hakuna anayefichwa kitu. Mtoto anamwuliza baba yake, ni kitu gani kinachoweza kukuua? Liyongo si mjinga, ameshashuku ametumwa. Anamjibu hata hivyo. Tunajua sindano inakuja kabla ya sindano kununuliwa. Halafu anachomwa usingizini, anazinduka, anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde kana kwamba anataka kupiga, na hapo anakufa, bado amepiga goti. Watu wa mji wanakuja kuteka maji, wanamwona, wanakimbia. Wanarudi, wanamwona, wanakimbia. Mji unakaa na kiu. Wanamwendea mama yake wakimwomba ambembeleze mwanawe. Mama anambembeleza. Sisi tunaosikiliza tunajua kwamba yule anayebembelezwa ni maiti, na hakuna katika utenzi anayejua isipokuwa sisi. Darasa zima lilinyamaza. Kama siri hii ingefichwa mpaka mwili uanguke, tungepata mshtuko wa ubeti mmoja, na kuomba kwa mama yule kungetupita.

Ajabu ni kwamba Hitchcock, bwana wa milango iliyofungwa, alishikilia jambo hili hili. Katika mazungumzo yake na François Truffaut alieleza mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache. Wakionyeshwa bomu kwanza, wakaiona na saa ukutani, basi mazungumzo ya kawaida ya watu walioketi yanawatoa jasho dakika kumi na tano. Walimu wetu huita hali hii taharuki, na sisi tulikuwa tukijibu katika mitihani kwamba taharuki ni kutojua litakalotokea. Tulipata alama. Sasa hatuna hakika kama tulistahili.

Tenzi nyingine kongwe ni hivyo hivyo. Chuo cha Herekali, kinachoitwa pia Utenzi wa Tambuka, kiliandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani. Ni cha vita baina ya Waislamu na jeshi la Herekali. Hakuna msikilizaji wa Pate aliyekaa akijiuliza nani atashinda. Walikaa usiku kucha kwa ajili ya kitu kingine.

Bibi wa mmoja wetu alikulia Unguja, mtaa wa Vuga, enzi za sinema ya Majestic, Sultana na Empire. Filamu za Kihindi zilikuja bila tafsiri, naye hakujua Kihindi. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, zanana, na waliotangulia kuona walirudi nyumbani wakakaa barazani wakasimulia yote, pamoja na nyimbo, mpaka tone la mwisho. Ndipo yeye akaenda. Mother India ya mwaka 1957, ambamo Nargis anampiga risasi mwanawe kipenzi ili kuilinda heshima ya kijiji, aliiona mara nne. Tulimpigia simu kumwuliza.

"Bibi, hukuchukia kuambiwa mwisho kabla?"

"Nichukie nini, mjukuu wangu? Mimi nilikwenda kulia, sikwenda kubahatisha."

Akaongeza kwamba asiyeambiwa ndiye aliyepata tabu, kwa maana alishughulika kuuliza huyu nani, huyu mume wa nani, na wenzake walishaanza kutoa leso.

Vibanda vya video vilivyofuata viliendeleza kazi ya baraza lile kwa kipaza sauti. Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wako wale waitwao VJ, Dar es Salaam alisikika Lufufu, na Kenya DJ Afro amesimulia filamu za Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili cha mtaani mpaka watu wengine wamemjua yeye kuliko waigizaji. Msimulizi hatafsiri tu. Anamtania adui, anamwonya steringi, anakwambia huyu mlevi unayemwona mtazame vizuri maana ndiye atakayewasaliti wote. Anatoboa, na ndiyo sababu umelipa. Huko Wakaliga, Kampala, Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na sauti ya VJ Emmie inapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho bila kuficha lolote. Ila swali la jina la filamu, nani alimuua Kapteni Alex, halijibiwi kabisa. Tumeitazama mara tatu.

Wataalamu wa saikolojia nao wameingia. Mwaka 2011 Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wanafunzi hadithi fupi 12, wengine wakitobolewa mwisho na wengine la, na waliotobolewa kwa jumla walifurahia zaidi. Magazeti yakashangilia. Mwaka 2015 Johnson na Rosenbaum wakapima kwa namna yao, wakapata kinyume. Hatukuona kama wanatusaidia sana. Wanafunzi wale walisoma peke yao, kila mmoja na karatasi yake. Hakuna aliyekaa karibu na mtu aliyechagua filamu kwa wiki tatu kwa kuwa aliipenda na alitaka kuziona sura za wenzake mwisho ukifika.

Maana hilo ndilo alilotuambia yule aliyetoka na koti. Tulikwenda kumwona chumbani kwake. Alikuwa ameshaijua filamu ile, aliwahi kuiona. Yeye hakutobolewa kitu. Alichonyang'anywa ni nafasi ya kutupa sisi. "Ni kama umempikia mtu, halafu mwingine akafunua sufuria mlangoni," alisema. Hatukuwa na la kumjibu, na bado hatuna. Historia yote tuliyoiandika hapa juu haimwondolei haki hiyo.

Kisha tukaenda kwa yule aliyesema "Anakufa". Huyu tulidhani tunamjua: mropokaji, mchekeshaji, mtu wa kuwahi mandazi. Alikataa kueleza. Alisema tu tumwulize aliyekuwa amekaa kushoto kwake. Tukamwuliza, naye ametupa ruhusa tuandike bila jina. Mdogo wake alifariki Mombasa mwaka jana, hospitalini, akiwa na miaka kumi na moja. Hakuweza kwenda kuzika kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Filamu ilipoanza na mtoto kitandani, alimnong'oneza jirani yake: huyu atapona? Alitaka kujua kama anaweza kukaa. Jirani hakusikia vizuri ama alibabaika, akajibu kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Na yeye alikaa. Sisi tuliokuwa tunagombana hatukumtazama. Alisema angeachwa akingoja na kutumaini, kama alivyongoja kando ya simu miezi minne, angetoka kabla ya nusu. Alipojua, aliweza kuwatazama mama na dada wa Jo, na wanakijiji wanaoamua kumtengenezea mtoto filamu yake mwenyewe awe shujaa, huku wote wanajua mwisho, na Jo mwenyewe anajua. Hata kijana wa kijijini anayeonyesha filamu na kuzisimulia yumo, anatia mkono. Tulipoirudia filamu ili tuandike, tuliona kwamba haikuficha kifo hata mara moja. Mkurugenzi alitoboa mwenyewe mwanzoni. Tulichokiita siri hakikuwa siri. Kilichofichwa ni namna wanavyomuaga, na hiyo hatutaisema.

Wale wawili wameshazungumza. Sisi hatukuwepo, wala hatukuuliza.

Kamati imekubali pendekezo letu moja. Kuanzia muhula huu, kila usiku wa filamu karatasi iliyokunjwa itawekwa mezani karibu na chupa ya chai, na ndani yake umeandikwa mwisho. Anayetaka ataifungua, asome kimya, aikunje tena kama alivyoikuta. Mwezi uliopita tulianza na Psycho. Watu ishirini na mbili walikuja, karatasi ikafunguliwa na kumi na mmoja, mmoja wao mara mbili. Alhamisi ya wiki ya tano tunarudia Supa Modo kwa ombi la aliyeichagua mara ya kwanza. Atakuja mapema kupanga viti, na mandazi safari hii yatakaa nje mpaka filamu iishe.